Dawa ya mseto ni amana, tusiiache nusu



Wiki hii tuanze na mfano wa mvuvi wa dagaa katika kisiwa kimojawapo cha Ukerewe. Giza limeingia, yaani zile siku ambazo hakuna mbalamwezi na dagaa hufuata taa. Mvuvi akizikosa siku hizo, amekosa kipato cha mwezi mzima. Katikati ya giza hilo anashikwa na homa, viungo vinamuuma na kichwa kinamgonga. Anakwenda zahanati, anapimwa, anakutwa na malaria na kupewa vidonge 24 vya dawa ya mseto. Anameza dozi tatu, nne nne. Kufika mchana wa siku ya pili homa imeshuka na chakula kinapita. Jioni anarudi ziwani, na vidonge 12 vilivyobaki anavikunja kwenye karatasi na kuvitia katika mfuko wa koti. "Hivi vitanisaidia siku nyingine," anasema.

Mtu huyu si mzembe, ana watoto wa kulisha. Hata hivyo vidonge 12 vilivyomo katika koti lake si mali yake peke yake. Katika makala haya tutaeleza dawa hii ilitoka wapi, inafanyaje kazi mwilini, kwa nini haitoshi kuchemsha majani ya mmea wake, na kwa nini sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya kuilinda kuliko wengine wengi.

DAWA YA KWANZA ILITOKA KWENYE GAMBA LA MTI

Kwa karne nyingi binadamu hakuwa na dawa ya uhakika ya malaria. Dawa ya kwanza iliyojulikana duniani kote ilitoka kwenye gamba la mti wa milima ya Amerika ya Kusini, mti tunaouita mkwinini. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kukitenga kiini chake, ambacho ndicho kwinini.

Mti huo ulifika hata kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na miongoni mwa mimea waliyoipanda ulikuwemo mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na njia za bahari kufungwa, dawa iliyotokana na magamba hayo ilitumiwa na majeshi yao humu nchini.

Kwinini ni chungu, na waliopata kuitumia wanaukumbuka ule mlio masikioni. Baadaye, mwaka 1934, wakemia wa Ujerumani walitengeneza maabara dawa nyingine iliyokuja kuitwa klorokwini. Wazee na watu wa makamo wanaikumbuka vizuri, kwa kuwa wengi iliwawasha mwili mzima usiku kucha. Ilikuwa rahisi na ilipatikana kila duka, nasi tukaitumia tulivyotaka. Aliyeumwa kichwa alimeza viwili na aliyechoka alimeza viwili. Vimelea vya malaria vikaizoea. Mwezi Agosti 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria na kuingia kwenye SP. Nayo SP haikudumu. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 nchi ikahamia kwenye dawa ya mseto.

Hesabu hiyo ni ya kuitazama kwa makini. Klorokwini ilitutumikia kwa miongo kadhaa, lakini SP haikufika hata miaka sita ikiwa dawa ya kwanza. Sasa tuko kwenye mseto, na nyuma yake hakuna foleni ndefu ya dawa zinazosubiri zamu.

DAWA YA PILI ILITOKA KWENYE MAJANI

Kiini cha dawa ya mseto kinatoka kwenye mmea unaoitwa artemisia, wenye asili ya China. Ni wa jamii moja na ule mmea wetu wa pakanga. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Mtaalamu mmoja mwanamke, Tu Youyou, alipewa kazi ya kupekua vitabu vya tiba za kale. Yeye na wenzake walijaribu mimea mingi, artemisia ikiwemo, lakini matokeo yalikuwa yakipanda na kushuka.

Ndipo alipokisoma tena kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya nne. Tabibu huyo hakuagiza majani yachemshwe. Aliagiza yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, kisha maji yake yanywewe. Tu Youyou akaona kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akatumia kimiminika aina ya etha, ambacho huchemka kwa joto dogo linalokaribia joto la mwili wa binadamu. Mwaka 1971 dawa aliyoipata iliua vimelea vyote katika panya wa majaribio. Mwaka 1972 yeye na wenzake walijipa dawa hiyo wenyewe kwanza ili kuona kama ni salama, kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka huohuo kiini chenyewe, artemisinini, kilitengwa. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel ya tiba.

KWA NINI INAITWA MSETO?

Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuanza kula ile rangi nyekundu iliyomo. Kwa kufanya hivyo hufungua madini ya chuma. Artemisinini ikikutana na chuma hicho huvunjika na kutoa sumu inayomuunguza mlaji palepale. Ndiyo maana homa hushuka haraka, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili.

Lakini dawa hii ina udhaifu mmoja. Hutoka mwilini upesi sana, ndani ya saa chache. Ikitumika peke yake kwa siku chache, huua vimelea wengi na kuacha wachache ambao huzaliana upya. Kwa sababu hiyo wataalamu waliichanganya na dawa ya pili ambayo hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Katika mseto tunaotumia zaidi Tanzania, dawa ya kwanza ni artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, na ya pili ni lumefantrini.

Mkulima wa mpunga wa Magu au wa pamba wa Kwimba ataelewa haraka. Artemetha ni kufyeka shamba na lumefantrini ni kupalilia. Ukifyeka tu shamba linaonekana safi, lakini mizizi ingali chini. Yule mvuvi wetu amefyeka, ameona shamba ni jeupe, akaondoka kabla ya palizi.

JE, CHAI YA MAJANI YA ARTEMISIA INATOSHA?

Swali hili huulizwa sana, na linaulizwa kwa nia njema. Kama dawa imetoka kwenye majani, kwa nini nisiyapande uani na kuyachemsha?

Jibu ni kwamba haitoshi, na sababu zake ni hizi. Kwanza, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na moto mkali huiharibu. Pili, kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, udongo na udongo, na hata msimu wa kuvuna. Vikombe viwili kutoka kwenye bustani moja vinaweza kuwa na nguvu mbili tofauti kabisa. Tatu, hata ukibahatika kupata kiasi cha kutosha, umepata dawa moja tu bila mwenzake wa kupalilia. Nne, wako wanaochuma pakanga ya milimani wakidhani ni ileile. Mmea huo hauna artemisinini, au unayo kidogo mno.

Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai wala unga wa majani ya artemisia kwa kutibu au kukinga malaria. Lilitoa tamko la namna hiyo mwaka 2012 na kulirudia mwaka 2019. Tangu 2006 limekataza hata vidonge vya viwandani vyenye artemisinini peke yake bila dawa ya pili. Huku si kudharau miti shamba. Kwinini na mseto vyote viwili vimetokana na mimea. Tofauti ni kipimo. Kidonge kimepimwa, kikombe hakijapimwa. Na mtoto mwenye malaria hawezi kusubiri wiki nzima tujue kama kikombe kilikuwa na nguvu au la.

JINSI YA KUTUMIA DAWA YA MSETO

1. Pima kwanza. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kwa darubini au kwa kipimo cha haraka. Homa ya matumbo, kichomi na maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta homa, na mseto hautibu hayo.

2. Mweleze mhudumu kama ulitumia mseto hivi karibuni. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Homa ikirudi katika muda huo, darubini hutoa jibu la uhakika zaidi.

3. Dozi hufuata uzito. Kwa vidonge vya kawaida vya miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini, mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hutumia kidonge 1 kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Kilo 35 na zaidi, vidonge 4. Vipo pia vidonge vyenye nguvu kubwa zaidi ambavyo idadi yake ni tofauti, kwa hiyo fuata maelekezo ya pakiti uliyopewa. Mtoto wa chini ya kilo 5 apelekwe kwa daktari.

4. Ni mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Ukianza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni, usingoje usiku wa manane.

5. Kula kitu chenye mafuta. Lumefantrini hufyonzwa mwilini vizuri zaidi ikikutana na mafuta. Si lazima iwe karamu. Chai ya maziwa, uji wa karanga, dagaa wa kukaanga au kipande cha sato vinatosha. Anayemeza mseto kwa maji matupu tumboni hupoteza sehemu kubwa ya dawa aliyomeza.

6. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, apewe tena dozi hiyo, kisha rudini zahanati mkaongezewe vidonge ili hesabu itimie.

7. Usinunue nusu dozi. Mwenye duka la dawa akikubali kukukatia vidonge sita kwa sababu fedha ni ndogo, hajakuhurumia. Waendee wahudumu wa zahanati ya serikali uwaeleze hali yako.

8. Mama mjamzito asijinunulie dawa. Aende kliniki. Tangu mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali mseto wa artemetha na lumefantrini hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, lakini uamuzi huo ni wa mhudumu aliyempima.

MWEZI WA RAMADHANI

Wako wenzetu wanaougua katika Ramadhani na kuamua kuahirisha dawa mpaka magharibi ili wasifungue. Nia ni nzuri lakini jambo hilo ni hatari. Vimelea vya malaria haviahirishi kuzaliana, na mtoto au mtu mzima anaweza kubadilika kutoka homa ya kawaida hadi malaria kali katika saa chache. Juu ya hayo, mwenye homa anahitaji maji na chakula ili dawa ifanye kazi.

Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Malaria ni ugonjwa, na ruhusa hiyo haikuwekwa bure. Anza dozi mara tu unapopimwa na kukutwa na malaria, maliza siku tatu, pata nafuu, kisha ulipe. Mwenye shaka amuulize imamu wa msikiti wake, lakini aulize huku ameshameza dozi ya kwanza.

DALILI ZA HATARI

Vidonge ni kwa malaria isiyo kali. Ukiona degedege, kupoteza fahamu, kushindwa kunyonya au kula, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mkojo wa rangi ya kahawa, macho ya njano au viganja vilivyopauka, usihangaike na vidonge nyumbani. Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja.

Huko mgonjwa hupewa sindano ya artesuneti, ambayo nayo ni mtoto wa mmea uleule. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kati ya kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, walifariki 109. Kati ya kila 1,000 waliopewa artesuneti, walifariki 85. Watoto 24 katika kila 1,000 ni jamaa kamili za watu. Tangu 2011 sindano hiyo ndiyo inayopendekezwa kimataifa kwa watoto wenye malaria kali.

Kwa wakazi wa visiwani, ambako boti hadi hospitali huchukua saa nyingi, ipo artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa watoto wa chini ya miaka sita. Kazi yake ni kununua muda wa safari. Mtoto akiipata na kuchangamka, safari isivunjwe, kwa kuwa bado hajatibiwa. Na baada ya sindano, mgonjwa akiweza kumeza lazima amalize dozi kamili ya mseto.

HABARI KUTOKA NG'AMBO YA ZIWA

Sasa turudi kwenye sababu ya sisi wa kanda ya ziwa kuwa waangalifu zaidi. Vimelea vinavyoanza kuizoea artemisinini viligunduliwa mwanzo Kusini-Mashariki mwa Asia, mpakani mwa Kambodia na Thailand. Kwa miaka kadhaa tulidhani ni tatizo la mbali. Mwaka 2020 watafiti wakatoa taarifa kutoka Rwanda, na mwaka 2021 kutoka kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2024 ulichapishwa ushahidi kutoka Karagwe, mkoani Kagera.

Tusieleze zaidi ya ilivyo. Kilichoonekana ni usugu wa sehemu. Artemetha inachukua muda mrefu zaidi kuwaondoa vimelea katika damu, lakini lumefantrini bado inamalizia kazi na wagonjwa wengi wanapona. Mseto bado unatibu. Ila mzigo mkubwa zaidi sasa umemwangukia mwenye kupalilia, na palizi ndiyo hasa inayoachwa na mtu anayekatisha dozi. Kati ya Bukoba na Mwanza kuna meli na mabasi, na vimelea husafiri katika damu ya abiria bila tiketi.

Usugu hauanzi kwa sababu ya kosa la mtu mmoja, kwani mabadiliko ya vimelea hutokea yenyewe. Lakini dawa pungufu huwachuja. Dhaifu hufa na sugu hubaki. Kisha anakuja mbu, anamuuma mtu huyo, na baada ya siku kadhaa anampelekea jirani wale waliobaki.

Kinga nayo huilinda dawa, maana asiyeugua hahitaji dozi. Hapahapa Misungwi ulifanyika utafiti wa vyandarua ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Vyandarua vyenye dawa mbili, ile ya kawaida na klorofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili kuliko vyandarua vya kawaida. Ukigawiwa chandarua, kilalie. Kisiende kuanikia dagaa.

MWISHO

Tumrudie mvuvi wetu. Wiki tatu zimepita na homa imerudi. Anapapasa mfuko wa koti, anavikuta vile vidonge 12 vimeloa unyevu wa ziwa, anavimeza bila kupima. Anapata nafuu ya siku mbili. Kambini analala na wenzake wanane, na mwenye chandarua ni mmoja.

Angeweza kufanya nini? Angemeza dozi tatu zilizobaki humohumo ndani ya boti, na chai ya maziwa ya chupa. Zingemchukua siku moja na nusu, wala asingepoteza hata usiku mmoja wa giza.

Amana ni kitu cha mwenzako kilichoko mkononi mwako. Dawa ya mseto iko mkononi mwako, lakini ni ya mtoto wa jirani atakayeugua mwakani, na ya mjukuu wako atakayezaliwa baada ya hapo. Klorokwini tuliipoteza. Hii tuimalize dozi kwa dozi, kidonge cha mwisho kikiwemo.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.